Kocha Aliyeijenga Klabu Akakwama na Taifa: Kumwelewa Graham Taylor Kutoka Dar

Kila Taifa Stars, timu yetu ya taifa, inapofungwa, hoja inayotawala kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni ni ile ile. Mmoja atasema timu apewe kocha wa Yanga. Wa pili atasema apewe wa Simba, na kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Lakini ndani ya kelele zile wote wawili wanakubaliana jambo moja bila kujijua: kwamba aliyefanikiwa klabuni atafanikiwa na taifa, kwa kuwa mpira ni ule ule na wachezaji ni kumi na mmoja kote.

Safari iliyopita muuza kahawa wetu, mzee ambaye kwa kawaida hujiweka kando na ubishi, alinigeukia huku akinimiminia kikombe cha pili. "Mwanangu, wewe unayesomasoma habari za nje, hebu tueleze. Kwa nini isiwe hivyo?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, kuna kocha mmoja Mwingereza anaitwa Graham Taylor." Hakuwahi kumsikia. Nilianza kumsimulia, ubishi wa penalti ukatuingilia, kashata zikaisha, watu wakatawanyika. Hii ndiyo simulizi niliyokuwa nayo jioni ile, na ninaiandika kwa sababu sijaona maisha mengine ya kocha yanayolijibu swali la mzee yule vizuri kama haya.

Taylor alifariki dunia tarehe 12 Januari 2017 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 72. Hapa Dar jina lake halina uzito wa Ferguson au Wenger, ila klabu alizozifundisha tunazijua. Aston Villa tuliishangilia mji mzima mwaka 2020, Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na kisha akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Miaka 30 kabla ya bao hilo, Villa hiyo hiyo ilimaliza ya pili kwenye ligi chini ya Taylor.

Alizaliwa Worksop mwaka 1944 na kukulia Scunthorpe, ambako baba yake alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Kama mchezaji alikuwa beki wa pembeni wa kawaida tu, Grimsby Town kisha Lincoln City, na daraja la juu hakuwahi kuligusa. Nyonga ilipomsumbua akalazimika kuacha kucheza, na mwishoni mwa 1972, akiwa na miaka 28, Lincoln wakamkabidhi timu. Msimu wa 1975–76 aliipandisha kutoka daraja la nne kwa kishindo: mechi 46, ushindi 32, vipigo vinne tu, mabao 111. Enzi hizo ushindi ulikuwa na pointi mbili, na pointi 74 za Lincoln zilikuwa rekodi kwa mfumo huo wa kuhesabu.

Mwaka 1977 akaenda Watford, nayo ikiwa daraja la nne. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mwanamuziki Elton John, na lengo lake lilikuwa kuifikisha klabu hiyo ndogo kileleni na kucheza Ulaya. Ndani ya misimu mitano Taylor akaipandisha madaraja matatu. Msimu wake wa kwanza daraja la juu, 1982–83, Watford ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool, na mshambuliaji wake Luther Blissett akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 27. Msimu uliofuata ikacheza Kombe la UEFA na kufika fainali ya Kombe la FA, ambako Everton waliwafunga 2-0.

Namna alivyofanya hayo ndiyo inayoeleza kila kitu kilichokuja baadaye, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Watford ya Taylor ilikuwa timu ya mazoea. Mpira ulitoka nyuma kwenda mbele haraka, mawinga wakishikilia mstari, krosi zikimiminika, na mpira ukipotea wote wanakabia juu hadi mpinzani akosee. Waliokuwa na majivuno ya pasi fupi waliuita mpira wa kubutua. Mimi naona wanakosea. Kubutua ni kuondoa hatari bila kujua mpira unaangukia wapi. Vijana wa Taylor walijua. Beki alipoinua kichwa, winga alikuwa ameshaanza kukimbia, na straika mrefu alikuwa ameshajiweka palipostahili. Hilo halipatikani kwa hotuba ya chumba cha kubadilishia nguo, bali kwa kurudia jambo moja Jumatatu, Jumanne, Jumatano, wiki baada ya wiki, mpaka miguu ifanye kabla akili haijaamua.

Tena alikuwa fundi wa kuokota watu. John Barnes, kijana aliyezaliwa Jamaika, alichukuliwa mwaka 1981 kutoka timu ya ridhaa iitwayo Sudbury Court, na malipo yake yalikuwa seti ya jezi. Kwa lugha yetu, alitolewa mchangani. Mwaka 1987 Liverpool walimnunua kwa pauni 900,000. Kati ya seti ya jezi na pauni hizo kuna miaka sita ya kufundishwa na mtu mmoja, kila siku ya mazoezi, kwenye uwanja mmoja.

Na kulikuwa na upande ambao matokeo hayauonyeshi. Hiyo ilikuwa miaka ambayo viwanja vya Uingereza viligubikwa na fujo. Taylor alitaka wachezaji wake wazuru shule na hospitali za mji, na Watford ikatenga eneo la uwanja kwa ajili ya familia. Mtoto wa Watford alimjua winga wake kwa sura, si kwa gazeti tu.

Alipohamia Villa mwaka 1987, klabu ilikuwa imetoka kushuka daraja. Akaipandisha mara moja, akanusurika kushuka tena, na mwaka 1990 akamaliza wa pili. Alimsajili David Platt kutoka Crewe kwa pauni 200,000 na kumfanya kiungo mfungaji wa kiwango cha taifa. Kwa hiyo Julai 1990, kocha wa Uingereza Bobby Robson alipoondoka baada ya nusu fainali ya Kombe la Dunia nchini Italia, chama cha soka cha Uingereza kumchukua Taylor halikuwa jambo la ajabu. Yeyote wa kijiwe chetu angefanya uamuzi huo huo.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko watu wanavyokumbuka. Hadi anafika kwenye fainali za Ulaya nchini Uswidi, Juni 1992, alikuwa amepoteza mechi moja tu, ile ya Ujerumani pale Wembley Septemba 1991. Ndipo mambo yakaharibika. Sare ya bila mabao na Denmark, sare ya bila mabao na Ufaransa, kisha kipigo cha 2-1 kutoka kwa wenyeji. Katika mechi hiyo ya mwisho, matokeo yakiwa 1-1 na imebaki takriban nusu saa, alimtoa Gary Lineker. Lineker alikuwa na mabao 48 kwa taifa, bao moja nyuma ya rekodi ya Bobby Charlton, na alikuwa anastaafu timu ya taifa. Hakurudi tena uwanjani. Kesho yake gazeti moja la udaku la London likachapisha uso wa Taylor ukiwa umegeuzwa tanipu, lile zao linalofanana na kiazi. Picha hiyo ilimfuata hadi kaburini, na nasema bila kuficha kwamba ilikuwa unyama. Mtu alikosea mbadala, hakuiba mali ya umma.

Kufuzu Kombe la Dunia la 1994 ndiko kulikommaliza. Kundi lilikuwa na Norwei, Uholanzi, Poland, Uturuki na San Marino, na zilifuzu timu mbili za juu. Uingereza ikaishia ya tatu kwa pointi 13, Norwei 16, Uholanzi 15. Tarehe 23 Novemba 1993 akajiuzulu. Sisi Dar tulikuwa na kilio chetu mwezi huo huo: Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa 2-0 nyumbani, katika uwanja ambao leo tunauita Uhuru.

Sasa, ukimuuliza Mwingereza kwa nini Taylor alishindwa, atakupa jibu moja kati ya matatu. Mfumo wake ulikuwa wa kizamani. Alikosa bahati. Hakuwa na hadhi mbele ya mastaa. Kila moja lina ukweli wake, ila peke yake halitoshi.

Bahati mbaya kweli ilikuwepo. Paul Gascoigne, kiungo bora wa kizazi chake, aliumia goti kwenye fainali ya Kombe la FA ya 1991 na kukaa nje zaidi ya mwaka. Barnes aliumia siku chache kabla ya safari ya Uswidi. Alan Shearer naye alikosa sehemu kubwa ya mwaka 1993. Kisha kuna usiku wa Rotterdam, Oktoba 1993, bila bila kipindi cha pili. Platt anakatiza kuelekea lango la Uholanzi, Ronald Koeman anamvuta chini akiwa beki wa mwisho. Refa anatoa kadi ya njano tu, si nyekundu ya kumtoa. Dakika chache baadaye, upande wa pili wa uwanja, Koeman huyo huyo anapiga mpira wa adhabu, ukuta unauzuia, refa anaamuru urudiwe kwa sababu mabeki walitoka mapema, na safari hii anaudokoa juu ya ukuta hadi wavuni. Dennis Bergkamp akaongeza la pili. Kamera zilimnasa Taylor kando ya uwanja akimwambia msaidizi wa refa kwamba mwenzake amemfukuzisha kazi. Ila haki itendeke: kipindi cha kwanza Frank Rijkaard wa Uholanzi alifunga bao halali likakataliwa kwa kuotea. Bahati ilipita pande zote mbili.

Hadhi pia. Taylor hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa. Alimweka benchi Gascoigne dhidi ya Ireland mwaka 1990, na Chris Waddle, ambaye Marseille walikuwa wanamwabudu, karibu hakumtumia. Hapo nadhani alikosea kabisa, na ninaelewa chanzo cha kosa. Watford alizoea kuchagua mchezaji anayeingia kwenye mfumo. Taifa humletea kocha mchezaji aliyekwisha kujengwa na mtu mwingine, na kama huyo ni Waddle, mfumo ndio unaopaswa kumpisha.

Dar tumewahi kuyaona haya kwa macho yetu. Márcio Máximo kutoka Brazil aliifundisha Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, na kwa muda mrefu hakumwita kipa Juma Kaseja. Mji uligawanyika, na wapo ambao hadi leo hawajamsamehe. Lakini Máximo huyo huyo ndiye aliyeifikisha Stars kwenye CHAN ya kwanza, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, 2009 kule Ivory Coast. Aliporudi mwaka 2014 kuifundisha Yanga hakumaliza hata msimu. Kwake mlango ulikuwa mgumu upande wa klabu. Emmanuel Amunike alikuja na sifa ya kutwaa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 akiwa na Nigeria mwaka 2015, akatufikisha AFCON ya 2019 baada ya kusubiri tangu 1980, na kule Misri tukapoteza mechi zote tatu. Si kwamba watu hawa walikuwa hodari kisha wakageuka wajinga kwenye ndege. Walibadilishiwa kazi, jina la kazi likabaki lile lile.

Na hapa ndipo lilipo jibu ninalolishikilia mimi. Chukua tarakimu mbili. Taylor aliiongoza Uingereza mechi 38 kwa miaka mitatu na ushee, akashinda 18, sare 13, akapoteza 7. Watford ya 1982–83 ilicheza mechi 42 za ligi peke yake ndani ya msimu mmoja. Yaani enzi yake yote ya taifa haikutimiza msimu mmoja wa klabu. Kati ya mechi na mechi wachezaji wanarudi kwa makocha wao, wanafundishwa mambo mengine, wanarejea kambini na mazoea mengine. Kipaji cha Taylor kilikuwa kurudia. Kazi ya taifa ilimnyang'anya siku za kurudia.

Hakuna mechi inayoonyesha hilo waziwazi kama Oslo, tarehe 2 Juni 1993. Jumamosi iliyotangulia, 29 Mei, Uingereza ilikuwa Poland, ikaambulia sare ya 1-1. Jumatano ikawa Norwei. Norwei walikuwa na silaha moja waliyoitumia bila kuchoka: pasi ndefu ya mshazari kwenda kwa Jostein Flo, straika mrefu aliyewekwa pembeni, ambako beki wa kawaida wa pembeni hamfikii kwa kichwa. Taylor akaona hatari, akabuni dawa. Akapanga mabeki watatu wa kati, na Gary Pallister akapewa kazi ya kumfuata Flo.

Kwenye karatasi dawa ni nzuri. Jaribu kuiona kwa miguu ya mchezaji. Pallister anamfuata Flo pembeni; nani anaziba alipotoka? Des Walker akisogea, nani anamchukua mtu wa Walker? Winga aliyegeuzwa beki wa pembeni arudi hadi wapi? Watford, maswali hayo yangejibiwa kwa miezi miwili ya mazoezi, makosa yakifanyika Jumanne asubuhi mbele ya viti vitupu. Oslo yalijibiwa mbele ya mashabiki, na watu waliokuwa na siku tatu za kujifunza, mojawapo ikiwa ya safari. Norwei walishinda 2-0. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Norwei walifanya kwa timu ya taifa kile ambacho Taylor alikifanya klabuni: mfumo rahisi, mpira wa moja kwa moja, watu wale wale, marudio yale yale. Mbinu iliyochekwa kuwa ya kizamani iliongoza kundi. Ilikuwa mikononi mwa wengine tu.

Siku saba baadaye Uingereza ikafungwa 2-0 na Marekani, mechi ya kirafiki, na kelele zikawa hazizuiliki. Mechi ya mwisho ya kufuzu, Novemba kule Bologna, San Marino walifunga bao ndani ya sekunde kumi za kwanza. Uingereza ikashinda 7-1, na bado dunia inalikumbuka bao lile moja.

Katika miezi ile Taylor aliruhusu kamera zimfuate, na filamu iliyorushwa Januari 1994 ikawa chanzo kingine cha vicheko. Mimi huikumbuka kwa kipande kimoja. Shabiki nyuma ya benchi anamtukana John Barnes, yule yule aliyetolewa kwa seti ya jezi. Mechi inaendelea, kazi ya Taylor inaning'inia kwenye uzi. Anageuka, anamkabili shabiki, anamwambia kwamba anayemsema ni binadamu mwenzake, achunge ulimi. Kisha anarudi kuangalia mechi. Nikiwasikia watu wakisema hakuwa na hadhi ya kuongoza taifa, huwa nakirudia kipande hicho kichwani.

Kwa hiyo, mzee wangu wa kahawa, kocha wa Yanga au wa Simba anaweza kufaa Taifa Stars. Ila kabla ya kumpa, tumuulize maswali ambayo ubingwa wake hauyajibu. Akiwa na siku nne kambini, atafundisha mambo mangapi? Atakubali kujenga timu juu ya mazoea ambayo wachezaji wanayaleta kutoka Simba, Yanga, Azam na nje ya nchi, au atataka kuwafuta wote aanze upya? Atamwacha mchezaji gani, na atauambiaje mji? Mkusanyaji wa mafanikio ya klabu anaweza kukosa jibu hata moja hapo. Mwingine asiye na kombe lolote anaweza kuwa nayo yote.

Taylor alipitia Wolverhampton bila mafanikio makubwa, kisha mwaka 1996 akarudi Watford. Klabu ilikuwa taabani katika daraja la pili la nchi, na msimu huo huo ikashuka hadi la tatu. Akaanza tena na kazi aliyoijua, vijana wale wale kila asubuhi. Mwaka 1998 wakatwaa ubingwa wa daraja hilo na kupanda. Mwaka 1999 wakafika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu dhidi ya Bolton, na fainali ikachezwa Wembley, uwanja ambao alipokuwa kocha wa taifa ulikuwa umemzomea. Nick Wright akafunga kwa tikitaka, Allan Smart akaongeza la pili, na Watford ikaingia Ligi Kuu. Taylor alikuwa na miaka 54, na jioni ile mashabiki wa manjano na nyekundu waliokuwa wakiliimba jina lake ndio wale aliowafundisha wachezaji wake kuwatembelea mashuleni, sasa wakiwa wamebeba watoto wao mabegani.